Mionzi ya Mara Moja

Nimechoka na watu wanaoniambia eti nilikuwa na nia njema. Wananiambia hivyo wakinimiminia chai, wakinishika bega, na mimi nasikia hasira inanipanda. Nia njema ni kitu gani? Nilimdanganya dada yangu mchana kweupe, kwenye benchi la hospitali Kitale, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi na ulimfanya atabasamu. Leo nausema wote, na atakayetaka kuniletea habari za nia njema baada ya hapa, anywe hiyo chai yake peke yake.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la pili, na dada, aliyekuwa msichana tu, akaanza kunisuka nywele, kunifungia vifungo vya sare, kunichapa nikichelewa madrasa. Alipoolewa Bungoma alinibeba kama sehemu ya vyombo vyake. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa dereva wa lori la miwa, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, na hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo nikala raha ya mtoto wa pekee katika ile nyumba yao ya vyumba viwili nyuma ya msikiti. Hata cherehani yangu ya kwanza walininunulia wao. Nilipokuwa mtu mzima nikahamia Kitale nikafungua kibanda cha kushona sare za shule, na mashine ya kufuma sweta, maana Kitale baridi haina mapumziko na kila shule inataka sweta ya rangi yake.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili, tulipoanza kutembea na simu ndogo zenye tochi. Shemeji alianguka asubuhi moja akinawa uso. Wakasema ni presha. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri, na dada akaingia eda.

Kwa asiyejua: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, haendi arusini wala sokoni kuzurura, na jua likizama ni lazima awe ndani ya nyumba aliyomwachia marehemu. Wiki ya pili niliteremka Bungoma kumshonea magauni mawili meupe ya kukalia eda. Nilimsimamisha katikati ya chumba, nikamzungushia futi ya kupimia kifuani, akaruka.

"Unanifinya," akasema.

"Hata sijavuta."

Nikapeleka kidole pale futi ilipopita. Titi la kulia, kuelekea kwapani. Kitu kigumu, kama njugu mawe iliyosahaulika mfukoni. Nilimuuliza kimekuwepo tangu lini. Akaniambia tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Nikamuuliza kama shemeji alijua.

"Angejua angeuza kitanda," akasema. "Ndiyo maana sikumwambia."

Niliandika kipimo chake kwenye karatasi, kwa sababu sikujua mkono wangu niufanyie nini kingine. Kisha nikamkaripia. Nilimkaripia mjane wa wiki mbili, akiwa amesimama na shimizi, mpaka nikaishiwa na maneno.

Kulikuwa na daktari mmoja wa zahanati aliyekuwa rafiki wa shemeji. Alikuja nyumbani kwa heshima ya marehemu, akachoma sindano pale penye uvimbe, akavuta kidogo, akapeleka kupimwa. Majibu yalichukua wiki tatu. Ilikuwa saratani, na akasema uvimbe bado ni mdogo, twende haraka Kitale kwa daktari wa upasuaji.

Sasa nikajitanda vizuri nikaenda kumwona ustadh pale msikitini, nikijua nitakachokutana nacho. Sikukutana nacho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema dharura ni dharura, aende mchana, na ikibidi alazwe, alazwe. "Dini haikuja kuua watu," akasema. Nilirudi mbio kumpa dada habari hiyo na nikamkuta amekaa na jirani.

Huyu jirani nyumba yake na ya dada zilishiriki ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, yeye anakuitikia huko. Alikuwa mkubwa kuliko dada kwa miaka kama kumi, mjane wa zamani, na kila aliyefiwa mtaani ilibidi asikilize jinsi yeye alivyokaa eda yake. Kaka yake wa tumbo moja alizikwa Kibabii, hapo tu, kutupa jiwe, yeye akiwa edani, na hakutoka kwenda msibani. Alilisema hilo kama mtu anayeonyesha cheti. Dada alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza ustadh, kwa sababu ustadh hakuwahi kuwa mjane.

"Nitatoka mara moja," dada akaniambia mwishowe. "Mara moja tu. Wafanye watakalofanya, nirudi. Nikirudi sitoki tena mpaka siku zangu ziishe."

"Na wakikuita tena?"

"Wasiniite."

Basi wiki ya sita ya eda nilimtoa. Tulifika Kitale kabla ya saa nne. Daktari alimpima, akatazama karatasi zetu, kisha akaanza kuzungumza nami Kiingereza, kama wafanyavyo wakiona mmoja amevaa viatu vya ngozi na mwingine kandambili. Dada alikaa akitazama kalenda ukutani. Simlaumu daktari kwa mengi, lakini kwa hilo namlaumu. Dada yangu alielewa Kiswahili kuliko sisi wote wawili mle ndani.

Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoa titi lote. Kwa uvimbe mdogo kama ule, alisema, huenda kazi ikaishia hapo, na vidonge vya kumeza nyumbani. Ya pili ni kutoa uvimbe peke yake na titi libaki, ila baadaye lazima apigwe mionzi, ile ambayo watu wetu huita kuchomwa. Kuchomwa ni Nairobi, kila siku ya kazi, wiki tano. Na isicheleweshwe, alisema. Ianze baada ya wiki chache kidonda kikipona, si baada ya miezi.

Halafu akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amesomea ng'ambo, na huko aliona wakimpiga mtu mionzi palepale kwenye meza ya upasuaji. Uvimbe ukishatolewa, kabla ya kushona, wanaingiza ndani ya kidonda kichwa cha mashine, kiduara hivi, akanionyesha kwa ngumi yake, kinachoma pale pale uvimbe ulipokuwa. Nusu saa hivi. Wanakitoa, wanashona. Mgonjwa akiamka yote yamekwisha, anaenda zake nyumbani.

"Hapa hatuna," akasema. "Hata Nairobi hatuna."

Alisema kwa hamu, kama mtu anayekumbuka chakula cha kwao. Na mimi mpaka leo namuuliza kichwani: ulikuwa unaniambia ya nini? Mimi fundi wa sweta. Ungeniambia hivyo ili nikaifume hiyo mashine? Mtu mwenye njaa humwelezi pilau aliyokula jirani yako mwaka juzi. Lakini alisema, na mimi nikasikia, na sikio langu likachukua lile lililolitaka.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la korido, chini ya tangazo la chanjo. Dada akanishika mkono.

"Amesemaje?"

Hapa ndipo. Nimepitia dakika ile mara nyingi mno, na kila mara nakuta ukweli ulikuwa mwepesi kuusema. Dada alikuwa amekwisha kuniambia anataka nini. Alitaka njia fupi. Siku zote za kuhangaika na majibu hakuwahi kuniuliza kuhusu umbo lake, wala kovu, wala nguo zitakaa vipi. Swali lake lilikuwa moja: ni ipi nitakayotoka mara moja?

Aliyetaka titi lile libaki ni mimi. Mimi ndiye niliyempima tangu nilipojifunza kushika futi, najua bega lake la kushoto limeshuka kidogo, najua mkunjo wa gauni aupendao kifuani. Kila nilipofikiria gauni lake likiwa limelala bapa upande mmoja nilifumba macho. Niliogopa kitu nitakachokiona mimi, na nikaita hiyo kumwonea huruma.

"Kuna njia mbili," nikamwambia. "Watoe titi lote. Au watoe uvimbe peke yake, na wakuchome mionzi hapo hapo ukiwa umelala. Ukiamka imekwisha."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Ndani ya kidonda, kisha wanashona."

"Na sirudi tena?"

"Nyuzi utatolewa Bungoma."

Nairobi niliikata nikaitupa kama uzi uliozidi. Dada akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu shemeji aanguke. Akasema basi watoe uvimbe, na Mungu amlipe huyo aliyebuni mashine hiyo. Akaomba dua palepale kwenye benchi, kumwombea mtu wa ng'ambo ambaye mashine yake haikuwa imefika hata uwanja wa ndege wa Nairobi.

Muuguzi alileta fomu ya kukubali upasuaji. Akamuuliza kwa Kiswahili safi, "Mama, umeelezwa yote?"

"Nimeelezwa na mdogo wangu," dada akajibu, akatia sahihi.

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kusema subiri kidogo. Nilimshikia mkoba wake.

Aliamka saa nane mchana, midomo imekauka. Neno la kwanza lilikuwa, "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha. "Na mionzi?" Nikasema na mionzi. Akasema alhamdulillahi, akalala tena. Siku ya tatu nilimrudisha Bungoma kabla jua halijazama, na mlangoni alivua viatu akaingia kwa mguu wa kulia kama mtu aliyetoka Hija.

Daktari alikuwa amenipa barua ya kupeleka Nairobi. Niliiweka ndani ya kopo la vifungo, kibandani kwangu Kitale. Mpango wangu, kama unaweza kuitwa mpango, ulikuwa kumwachia dada amalize eda yake, kisha nimwambie ukweli na tupande gari siku hiyo hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na mbili. Nilijiambia wiki kumi na mbili si kitu. Daktari aliponipigia simu kuuliza nikamwambia tumeshapata nafasi Nairobi, asante daktari. Nilikuwa nimeshazoea, uongo wa pili haumtoi mtu jasho.

Nilichosahau ni kwamba dada ana mdomo, na ana wageni. Mjane wa eda haendi kwa watu, watu ndio wanaomjia, na kila aliyeingia alisikia habari ya mashine. "Mimi nimechomwa nikiwa nimelala. Sikusikia hata joto. Wanakuchoma ndani, wanakushona, unaenda zako." Nilikuwa nashuka Bungoma kila Ijumaa na kila Ijumaa nilikuta wanawake watatu, wanne, wamekaa mkekani wakishangaa. "Ati ndani kwa ndani? Hii Kitale yetu?" Habari ikaingia sokoni. Mama mmoja aliyekuwa akileta viazi kutoka Kapsokwony alinisimamisha njiani, hanijui simjui, akaniuliza kama kweli mimi ndiye mdogo wake yule aliyechomwa mara moja, na hospitali yenyewe iko upande gani wa mji. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia auze viazi vyake aniache.

Nilikuwa na hasira na wote. Na dada kwa kusema, na wao kwa kuamini, na mama wa watu na viazi vyake. Hasira ile ilinisaidia sana, kwa sababu nikiwa nimekasirika sikulazimika kufikiri.

Kisha Ijumaa moja, kama wiki ya nane baada ya upasuaji, nilikuwa uani nikifua magauni ya dada. Jirani wa ukuta mmoja akaingia, akafunga mlango wa uani nyuma yake, akaweka komeo. Hakuniamkua. Alinishika mkono ulivyo na povu, akauingiza ndani ya kanga yake, akaubana kwenye titi lake.

"Bonyeza hapa," akasema.

Kilikuwepo. Cha mviringo, kinateleza chini ya kidole.

"Sijamwambia mtu. Wewe utanipeleka kwa huyo daktari wako wa mara moja. Mimi Nairobi siendi, na kukatwa sikatwi. Kama ni ya kulala na kuamka, hiyo naweza."

Sikiliza, mimi simpendi huyu mama, sikumpenda wakati ule na kazi ya kumpenda sijaianza. Lakini mkono wangu ulikuwa bado kifuani pake. Ningemdanganya naye? Angefika Kitale, daktari angemcheka. Au asingefika, angekaa anangoja mashine. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuhusu ng'ambo na benchi na barua iliyoko ndani ya kopo la vifungo. Hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

"Na dada yako anajua?"

"Atajua siku zake zikiisha."

"Nani alikupa hizo siku?"

Nikamwomba aniachie mpaka baada ya laasiri nimwambie dada mwenyewe. Akasema sawa, akafungua komeo, akaondoka. Nikaenda dukani kununua maziwa ili niwe na cha kumpikia dada chai wakati wa kumwambia. Niliporudi, viatu vya jirani vilikuwa mlangoni.

Dada alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, viganja juu ya mapaja. Jirani alikuwa mkabala naye.

"Ni kweli?" dada akaniuliza.

"Ni kweli."

Nilingoja anipige. Ningefurahi anipige, angekuwa amenirudisha utotoni, yangekwisha. Badala yake alisema polepole, kama mtu anayenihesabia kitu nisichokijua: "Kama ungeniambia, ningesema watoe lote."

Akachukua tasbihi yake.

Nilimgeukia jirani. Yote yaliyokuwa yamenijaa kwa wiki zile nilimmwagia yeye. Nilimwita mmbea, mwizi wa siri, mla nyama za watu. Nilimwambia kaka yake alizikwa Kibabii bila yeye kwa sababu hakuna aliyemtaka pale. Maziwa yalikuwa bado mkononi na nilipokuwa nikipayuka yalikuwa yakimwagika mkekani. Aliyejibu ni dada.

"Usimguse," akasema. "Yeye ameniambia."

Nikaenda Kitale nikaleta barua. Nikamwambia dada tuondoke kesho, zimebaki wiki nne tu za eda, ustadh amesharuhusu. Akasema hatoki. Nikamleta ustadh mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama nje kwa adabu akamwambia kupitia pazia kwamba hana dhambi, aende akatibiwe, kukaa ndiko kubaya. Akamshukuru ustadh. Hatoki. Hata jirani, ndiyo, yule yule, alipiga magoti mbele yake. "Mimi nilikaa kwa sababu nilikuwa mzima, bana," akamwambia. "Enda. Watu wakisema, nitawajibu mimi." Dada akamwambia anyanyuke, sakafu ni baridi.

"Nilisema nitatoka mara moja," akaniambia mimi. "Nikatoka. Neno langu nilishalitoa."

"Ulimpa nani hilo neno? Huyu wa ukutani?"

"Nilimpa mume wangu."

"Mume wako amekufa, dada."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekaa."

Alikaa wiki zote nne. Alisali, alichambua mboga, aliwapokea wageni, na wakimuuliza habari ya mashine alisema hakuna mashine kama hiyo nchini, msidanganyike, wala hakusema ni nani aliyedanganya. Nilipokuja alinipikia. Alinijibu kila nilichomuuliza. Mpaka leo sijui kama siku zile alikuwa akimkalia shemeji au alikuwa akinikalia mimi.

Uvimbe wa jirani ulipimwa ukawa si kitu, mafuta tu. Nilimwonea wivu mpaka nikaumwa kichwa.

Siku iliyofuata mwisho wa eda tulikwenda Nairobi, tukapangiwa zamu, tukangoja wiki nyingine tatu kwa binamu yetu. Walimtia alama kifuani, vidoti vitatu vya wino vilivyochomwa kwa sindano, visitoke, ili mashine ijue pa kulenga. Kisha ikaanza. Mara ishirini na tano. Niliacha kibanda changu nikampeleka mara zote ishirini na tano, na kila asubuhi alipoingia mle ndani mlango mzito ukafungwa, nilihesabu. Mara ya kumi ngozi ilikuwa imeiva. Mara ya kumi na nane ilikuwa nyeusi, inabanduka chini ya titi, na hakuweza kuvaa chochote. Nilimshonea vesti laini isiyo na mshono upande ule. Akavaa, akasema asante.

Daktari wa kule alitazama tarehe ya upasuaji, akatazama tarehe ya kuanza, akauliza kulikuwa na nini hapa katikati. Dada alijibu kabla sijafungua mdomo. "Nilikuwa eda," akasema. Daktari akaandika. Ingekuwa vizuri zaidi mapema, akasema, bila kuinua macho.

Mwaka wa tatu uvimbe ulirudi, pale pale penye kovu. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia kwamba ni kuchelewa kulikomrudishia. Hakuna pia aliyewahi kuniambia si hivyo, na niliwauliza, niliwafuata mpaka kwenye magari yao. Safari ile alitaka alale Bungoma, katika nyumba yake, na hakuna aliyebishana naye. Alikufa asubuhi ya Jumatano, chai yake ikiwa bado moto.

Tulimwosha uani, pale pale nilipokuwa nikifua siku ile. Tulikuwa wanne, tumezungushia mashuka. Aliyeongoza ni jirani, kwa sababu mtaani hakuna mwingine anayejua kazi hiyo kama yeye. Nilikuwa sijazungumza naye tangu siku ya maziwa, zaidi ya salamu. Msichana mmoja wa ukoo, aliyekuwa akishika kopo, aliona vile vidoti kifuani shuka iliposogea. Akanong'ona, "Alichanjwa chale?" na nikamgeukia nimkemee.

"Ni vya hospitali," jirani akamwambia kabla sijasema. "Alitibiwa. Mwagia maji hapa."

Hata kwa hilo nilimkasirikia. Sikutaka anisitiri.

Alimtawadhisha dada, taratibu, mikono, uso, miguu. Kisha akasimama, akanyoosha mgongo, akanipa kitambaa cha kuoshea na kopo.

"Mwili uoshe wewe," akasema. "Ni wako."

Chini ya shuka titi lilikuwepo. Lilikuwepo lote, na kovu lake, na weusi wa mionzi, na juu yake vile vigumu vipya vilivyokuwa vimetapakaa mpaka kwapani. Ndilo nililolibakisha. Lilikuwa la kulia, na maiti huanzwa kuoshwa upande wa kulia. Nikaloanisha kitambaa nikaanza hapo.